Kona ya Chini ya Bendera ya Wenlaw

Bwana Ambrose Chetwynd alipofariki, magazeti ya London yalimwandika vizuri. Yalisema alikuwa mchoraji na mhakiki wa picha aliyesimama na wafanyakazi maisha yake yote, aliyeandamana kwenye mvua, aliyepigwa kirungu na polisi mara moja na kuandika juu ya kirungu hicho mara nyingi. Yalitaja picha zake zinazotundikwa kwenye majumba makubwa. Bendera yetu, ya wachimba makaa wa Wenlaw, hayakuitaja. Siyalaumu. Walioandika hawakuwahi kumlaza nyumbani kwao. Mimi nilimlaza, chumba cha juu, kile chenye dirisha linalotazama kifusi cha mgodi, tangu mwezi wa pili hadi wa saba, miaka miwili kabla ya vita vya pili vya dunia, na soksi zake nilizifua mimi.

Alikuja kwa sababu ya upepo. Kila mwaka, mwezi wa saba, wachimba makaa wa mkoa wetu huingia mjini Durham kwa maandamano, kila tawi la chama chao na bendi yake ya matarumbeta na bendera yake. Wala si bendera ya kupeperusha mkononi. Ni hariri pana kama ukuta wa chumba, imechorwa pande zote, inabebwa kwa miti miwili na kushikiliwa kwa kamba mbele na nyuma. Mwaka ule wa nyuma upepo uliipata ya kwetu pale darajani ukaichana katikati. Tawi la Wenlaw likarudi nyumbani na miti mitupu, na watu wa matawi ya jirani hawakutuacha tupumue.

Katibu wa tawi alikuwa Matthias Hedley, mwanamume mrefu, mkavu, aliyeamini kwamba neno likishachapishwa limekuwa kanuni. Kwenye chumba cha kusomea cha klabu ya wachimbaji walikuwa wakileta gazeti moja la kila wiki la watu wa siasa za mrengo wa kushoto, na humo ndimo Bwana Ambrose alimokuwa akihakiki picha za wenzake na kuzichinja. Hedley alikuta ameandika hivi: mchoraji hana tofauti na fundi bomba, wafanyakazi wamwite, wamwambie wanataka nini, naye afanye bila kunung'unika. Basi Hedley akamwita.

Alishuka kwenye basi siku ya Jumapili. Kwa heshima yetu alikuwa amevaa suruali nzito ya kodrai, buti za shimoni na skafu nyekundu shingoni, yaani amevaa kama alivyodhani tunavaa. Wanaume wetu walikuwa wametoka kanisani, kila mmoja na suti nyeusi, tai, na mnyororo wa saa tumboni. Jirani yangu Peggy Lowes akamshika mkono pale pale kituoni.

"Umechelewa, baba. Tunakungoja tangu Alhamisi. Bomba ni lile la nyuma."

Bwana Ambrose alikuwa mtu wa adabu. Alikwenda, akalitazama bomba la Peggy kwa muda mrefu, kwa upande huu na upande ule.

"Lina umbo zuri sana," akasema.

"Mimi sikuuliza umbo," Peggy akamwambia. "Nimeuliza litavuja mpaka lini."

Alikuwa ameomba alazwe kwenye nyumba ya maskini kuliko wote. Hedley akamweleza kwamba maskini kuliko wote hana kitanda cha ziada, ndiyo maana ni maskini, kwa hiyo akaletwa kwangu, mjane mwenye mtoto mmoja, Ralph, aliyekuwa tayari anafanya kazi shimoni. Akasema atakula tunachokula. Nikampa: samaki wa moshi asubuhi, uji mzito wa njegere na nyama ya chumvi mchana, mkate na chai jioni. Hakulalamika hata siku moja. Ila kila wiki posta ilimletea sanduku kutoka kwa mama yake, bibi mwenye mashamba na farasi huko kusini, na ndani mlikuwa na jamu, paja zima la nguruwe, na biskuti kwenye kopo lenye picha ya ikulu. Alikuwa akilificha sanduku chini ya kitanda kwa aibu. Mimi nafagia mpaka chini ya kitanda. Tukawa tunakula wote watatu na hakuna aliyeuliza.

Mchoro wake wa kwanza aliuonyesha kwenye mkutano mkuu wa tawi. Wanawake hatukuwa wanachama, lakini chai ilikuwa kazi yetu, na dirisha la kupitishia vikombe lilikuwa wazi kati ya jiko la klabu na ukumbi, kwa hiyo hakuna kilichotupita. Mchoro ulikuwa na majitu matatu, vifua wazi, yanakata mnyororo mnene, na nyuma yao jua kubwa jekundu.

Hedley akasoma kanuni: kitu cha tawi hakinunuliwi, hakijengwi wala hakipakwi rangi mpaka wanachama wakijadili na kukirekebisha kwa kunyoosha mikono. Bwana Ambrose uso ukamng'aa.

"Makomredi," akasema, "miaka thelathini nimeandika kwamba mhakiki wa kweli ni umma. Leo nimewakuta. Rekebisheni."

Wakarekebisha.

Watu wa kanisa walitaka majitu yavae mashati, kwa kuwa mbele ya bendera hupita watoto wa shule ya Jumapili. Hoja ikapita. Mwingine akasema si haki jitu la katikati liwe na uso wa mtu asiyejulikana wakati mzee Jobling, kiongozi wetu aliyeijenga klabu ile, hana ukumbusho wowote zaidi ya kaburi. Hoja ikapita. Kwa hiyo jitu la katikati likawa na mabega ya fahali, na juu ya mabega hayo kichwa cha mzee wa miaka sabini mwenye miwani na ndevu. Mwingine akauliza mnyororo ule ni wa nani. Kama ni wa kampuni, kuukata ni kuharibu mali, na kampuni inatafuta sababu kila siku. Wakabishana, mwisho wakakubaliana kwamba mnyororo usikatwe, ulegezwe.

"Na jua hilo," akasema mwenyekiti, "linachomoza au linatua?"

"Linachomoza," Bwana Ambrose akajibu.

"Mtu atajuaje?"

Likaongezwa jogoo.

Nyumbani Bwana Ambrose alikata mkate kama mkate ule ulikuwa umemtukana mama yake. "Watu wamesema," akawa anarudia. "Watu wamesema, Bi Raine."

"Wamesema," nikamwambia. "Kula."

Hariri ilitandazwa kwenye fremu ya mbao ndani ya chumba cha biliadi, ikawa wacheza biliadi hawana pa kuchezea, na hao nao ni kura. Akachora wiki baada ya wiki. Mimi nilimpelekea chai, nikaona mashati yanaingia, miwani inaingia, jogoo anaingia. Alikuwa fundi, huwezi kumnyima. Lakini alichora kama mtu anayejaza fomu.

Siku moja mvua ilinyesha mfululizo, akabaki nyumbani. Ralph akarudi kutoka zamu yake mweusi tii, nikaweka beseni la bati mbele ya moto kama siku zote, nikamwosha mabega. Bwana Ambrose alikuwa amekaa pembeni na gazeti. Nikasikia gazeti limeacha kugeuzwa. Nilipotazama alikuwa anachora kwa penseli nyuma ya bahasha, na hakuinua macho mpaka maji yalipopoa.

Picha ile aliipeleka kwenye bendera, kona ya chini upande wa kushoto, ambapo hapakuwa na hoja ya mtu yeyote. Mgongo wa mwanamume ndani ya beseni, nusu mweusi nusu umeshaoshwa. Mkono wa mwanamke na kitambaa. Birika, taulo kwenye waya, mwanga wa makaa. Hakuna uso hata mmoja. Niliposimama mbele yake nilisikia joto la moto wangu mwenyewe miguuni, na kile chumba cha biliadi kilikuwa baridi kama kaburi.

"Unaionaje?" akaniuliza.

"Ni jikoni kwangu."

"Bi Raine, nimechora miaka thelathini kuwathibitishia watu jambo. Hii sikuwa nathibitisha kitu." Akaifuta brashi yake taratibu. "Hii nataka ibaki. Mengine yote waondoe wakitaka. Hii ibaki."

Hicho ndicho kitu pekee nilichowahi kusikia akikitaka kwa ajili yake mwenyewe.

Sasa mkutano uliofuata akasimama Cuthbert Nattrass. Lazima niwaeleze habari za Cuthbert. Alikuwa mfupi, sauti yake imekwaruzwa na vumbi, na katika miaka yote alikuwa hajawahi kusimama mkutanoni. Maisha yake yalikuwa liki, vile vitunguu virefu vyeupe ambavyo wanaume wetu huvilima kwenye viwanja nyuma ya reli na kuvishindanisha kila mwezi wa tisa. Si mboga, ni dini. Mwanamume atasahau siku aliyooa lakini hatasahau siku aliyopanda liki. Kila mmoja ana dawa yake ya siri ya kumwagilia, bia, sukari guru, damu ya ng'ombe, na Cuthbert alikuwa na yake ambayo hata mkewe Bella hakuijua. Akachukua nafasi ya pili. Mwaka hadi mwaka, nafasi ya pili. Wa kwanza walibadilika, wa pili alikuwa yeye yule.

"Naomba kutoa hoja," Cuthbert akasema. "Liki ziwekwe."

Watu wakatazamana. Kisha vicheko.

"Ziwekwe wapi, ndugu?" Hedley akauliza.

"Pale konani. Kwingine kumejaa."

"Liki za nani?" sauti ikatoka nyuma. "Kama ni zako, uandike na namba mbili."

"Za tawi," Cuthbert akasema, uso mwekundu. "Tunabeba mnyororo, tunabeba jogoo. Mnyororo nani anao nyumbani? Liki kila mtu anazo."

Hapo vicheko vikapungua, maana lilikuwa neno la kweli. Bwana Ambrose akasimama upesi mno.

"Komredi Nattrass, ile kona imekwisha. Ile kona ni maisha ya mfanyakazi yenyewe."

"Ni mtu anaoga," akasema mzee mmoja. "Tena anaoshwa mgongo. Mgongo ukioshwa kila siku unalegea, kila mtu anajua. Unataka Durham nzima waseme Wenlaw tuna migongo legevu?"

Hedley akainua mkono watu wanyamaze. Alikuwa na gazeti. Hedley alihifadhi kila toleo, na akili yake ilikumbuka ukurasa.

"Kabla hatujapiga kura, niwasomee mtaalamu anasemaje," akasema, na wala hakuwa na ubaya moyoni, ndivyo alivyokuwa. Akasoma: "Mchoraji anayechora jiko, birika na taulo wakati dunia inaungua, ni sawa na mtu anayefagia nyumba inayoteketea. Picha za namna hii zifutwe, na mikono iliyozichora ipewe kazi." Akakunja gazeti. "Nani ameandika haya, ndugu?"

Bwana Ambrose akajikuna shingo chini ya skafu. "Mimi."

"Umebadili mawazo?"

Mimi nilikuwa dirishani na sinia mkononi. Nilimwona mtu mzima anatafuta mlango ndani ya maneno yake mwenyewe na haupati.

"Naomba hoja iahirishwe," akasema.

Hiyo nayo ilikuwa kanuni, akapewa mpaka mkutano ujao.

Usiku ule hakula. Asubuhi nikamwekea samaki wake mbele na kumwambia, "Wewe si mwanasiasa?"

"Nimekuwa mwanasiasa tangu chuo."

"Basi si umewahi kuona diwani akitaka kura anafanyaje? Hahutubii. Anabisha hodi."

Ndipo Bwana Ambrose alipoanza siasa, akiwa na miaka hamsini na ushei. Alipita mtaa kwa mtaa, akikaribishwa kwenye vile vyumba vyetu vya mbele ambavyo hatuvifungui ila kwa msiba au mgeni wa heshima, akikaa kwenye viti vigumu chini ya picha za marehemu, akinywa chai na kula keki. Nyumba ya kwanza keki, ya pili keki, ya tatu keki, na kukataa ni kumtukana mwenye nyumba. Alirudi anashika ukuta. Na kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, kila alipotoka alikuwa ameacha kitu. Watu wa kanisa aliwaahidi malaika juu ya mgodi, mwenye mikono mirefu ya kanzu. Familia ya Jobling walisema kidevu cha mzee kilikuwa kikubwa zaidi, akakikuza. Watu wa bendi wakataka tarumbeta, jitu la kulia likashikishwa tarumbeta. Wacheza biliadi walitaka chumba chao tu, akawaapia kwamba konani pakiachwa kama palivyo atamaliza mapema, ilhali liki zingemchelewesha. Wazee wa mgongo aliwashinda kwa kukisogeza kitambaa kutoka uti wa mgongo kikawa begani.

"Naona umejifunza," nikamwambia.

"Nimeuza bendera nzima, Bi Raine," akasema. "Kama ningeikuta kwenye maonyesho London, ningeiua kwa aya moja."

"Na kona?"

"Kona bado haijauzwa."

Mtu wa mwisho alikuwa Cuthbert mwenyewe. Nilikuwa naanika nguo, na viwanja viko nyuma ya kamba yangu, nikasikia yote. Cuthbert alipomwona anakuja aliuziba mtaro wa liki zake kwa gunia upesi, kama mtu anayemfunika mkewe.

"Bwana Nattrass," akasema Bwana Ambrose. Neno komredi alikuwa ameliacha. "Nitakuchorea picha nzima ya liki. Kubwa. Utundike kwako."

"Kwangu nani ataziona?"

"Wewe."

"Mimi naziona kila siku."

"Bella ataziona."

"Bella amezichoka." Cuthbert akaegemea jembe. "Tukipita mjini, watu wamejaa pande zote mbili za barabara, si ndiyo? Wanatazama. Hakuna anayesema hii ya kwanza, hii ya pili. Wanatazama tu."

Bwana Ambrose akalitazama lile gunia. Kisha akasema, "Kona ile ni nzuri, bwana. Sijui kusema vingine. Ni nzuri."

"Na liki ni nzuri."

"Sijasema si nzuri."

"Hujaziona."

"Nionyeshe."

"Wewe?" Cuthbert akacheka ile sauti yake ya vumbi. "Wewe unaandika magazetini."

Kura ikapigwa. Mikono ya kuacha kona ilivyo ilizidi, si kwa mingi, lakini ilizidi. Cuthbert aliunyoosha wa kwake kutetea hoja yake, akautazama ulivyo na wenzake wachache, akaushusha. Akavaa kofia. "Haya," akasema, akaenda kwenye kiwanja chake. Bwana Ambrose aliwanunulia watu bia, akaimba na bendi, na kesho yake akala samaki wawili. Bendera ilikuwa kituko: jitu lenye miwani na kidevu kama jembe, jogoo, malaika, tarumbeta, mnyororo uliolegea. Yeye akipita chumba cha biliadi alitembea akitazama chini kushoto tu.

Ilikuwa imebaki wiki mbili twende Durham. Ijumaa, zamu ya mchana, honi ya mgodi ikalia wakati usio wake. Sisi wanawake tunapoisikia hatukimbii, tunatembea, sijui kwa nini. Tulisimama getini. Ralph wangu akatoka. Wengine wakatoka. Dari lilikuwa limeanguka mahali pamoja tu, juu ya mtu mmoja tu, na Bella Nattrass alijua kabla hajaambiwa kwa sababu wote waliotoka walikuwa wanatazama viatu vyao.

Tulimzika Jumatatu. Bendi ilitangulia ikipiga polepole, wanaume wakafuata wawili wawili, na Bwana Ambrose alikuwa miongoni mwao na suti ya marehemu mume wangu, maana nilimwambia skafu ile haiendi msibani. Ilimbana kifuani.

Baada ya chai ya msiba nilimwona amesimama penye kiwanja cha Cuthbert. Gunia alikuwa ameliinua kwa ncha ya vidole. Alichungulia kwa muda, akalirudisha vizuri, akalibana na jiwe. Kisha akaelekea klabu.

Nilimpelekea chai yake jioni ile, kama kawaida. Nilipofungua mlango wa chumba cha biliadi nilikuta nusu ya jikoni kwangu haipo. Birika lilikuwa limekwenda. Beseni lilikuwa limekwenda. Alikuwa anapaka nyeupe nzito juu ya mwanga wa moto, na ule mgongo wa kijana ulikuwa unazama kidogo kidogo chini ya shina la liki. Nikaweka kikombe chini. Nilitaka kumwambia aache, nakiri. Ule ulikuwa mkono wangu pale, hata kama hakuna aliyejua.

Hedley akaingia nyuma yangu, ameshika kitabu cha mikutano kwapani, maana alikuwa anakuja kupima wapi pa kufunga kitambaa cheusi. Tawi lililopoteza mtu ndani ya mwaka hufunga kitambaa cheusi juu ya bendera siku ya maandamano, na hilo halipigiwi kura. Alisimama akatazama.

"Hili halina hoja," akasema.

"Halina," Bwana Ambrose akajibu bila kugeuka.

"Hoja ya liki ilishindwa. Nimeiandika. Kona ilishapitishwa ibaki."

"Najua. Nilipita nyumba kwa nyumba."

"Sasa mimi niandike nini?"

Bwana Ambrose akachovya brashi kwenye kijani. "Sijui, Bwana Hedley."

Hedley alikuwa mtu wa kuandika hata nani aliyefungua dirisha mkutanoni na saa ngapi. Nilimwona anafungua kitabu, anafunga. Akachukua ile futi yake ya kamba, akapima upande wa juu wa bendera, akapima tena, akaikunja mfukoni.

"Mimi nimekuja kupima juu," akasema. "Huku chini sikutazama." Akatoka.

Asubuhi ya maandamano tuliitoa nje mapema, barabara bado ina umande. Miti ikainuliwa, kamba zikakazwa, kitambaa cheusi kikashuka pande zote mbili. Liki zilikuwa pale konani, tatu, zimefungwa kwa uzi kama siku ya mashindano, nyeupe mpaka zinaumiza macho. Wanaume waliziona mmoja mmoja. Yule aliyepiga kelele za namba mbili alivua kofia akajifanya anajifuta jasho. Hakuna aliyeuliza kanuni.

Lile gazeti la kila wiki lilikuwa limemtuma kijana wao mpya kutoka London aje kuandika, mwenye miwani mizito na suruali ya kodrai mpya kabisa. Alizunguka bendera akiandika huku akizungumza.

"Komredi Chetwynd, huyu mzee wa kati sikumwelewa, ila hapa chini umetisha. Nyeupe zile zinazopanda juu kama mikuki. Ni umma unaochomoza ardhini na silaha, si ndiyo? Na uzi ule ni umoja."

"Ni liki," akasema Bwana Ambrose.

"Ndiyo, kwa nje. Lakini kwa ndani?"

"Kwa ndani pia ni liki."

Kijana akacheka, akaandika mikuki.

Wakati ule ule Bella Nattrass akaja. Alikuwa na nguo yake nyeusi na mkoba ameushika kwa mikono miwili mbele ya tumbo. Watu wakampisha, hata yule kijana aliyekuwa anaandika alisukumwa kando kwa bega. Bella akasimama mbele ya kona akatazama, na bendi iliyokuwa inajaribu tarumbeta ikaacha. Bwana Ambrose alikuwa ameshika kamba ya upande ule. Nimemwona mtu huyu akihakikiwa na ukumbi mzima wa wanaume, na hakuwahi kuwa na uso ule.

"Bwana," Bella akasema, "ulizitazama kule kiwanjani?"

"Nilizitazama, Bi Nattrass. Samahani. Sikuomba ruhusa."

"Basi ulivyochora si sawa."

"Si sawa wapi?"

"Ni kubwa mno. Hakuwahi kupata kubwa hivi maisha yake yote."

Bwana Ambrose akampa mwenzake kamba. "Nina rangi klabu. Nitazipunguza. Dakika chache tu, watangoja."

Bella akapeleka kidole, hakuigusa hariri, akakipitisha hewani kutoka kwenye mizizi mpaka kwenye majani.

"Nani amekwambia upunguze?" akasema. "Ziache hivyo hivyo."

Akaenda kusimama nyuma ya bendi pamoja na wanawake, ngoma ikapiga, na wanaume wakaanza kutembea.